Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Hospitali: kabla ya kununua otoklevu, chora njia ya vyombo

Ndugu Mkurugenzi,

Idara ya kutakasa vyombo inajengwa upya, lakini mazungumzo yote ni ya ukubwa wa otoklevu, yaani mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke wa moto. Nakuomba uanze na ramani ya jengo.

Njia ya vyombo iwe moja na isirudi nyuma. Viingie vichafu upande mmoja, vioshwe, vikaguliwe na kufungwa, kisha vipite ndani ya otoklevu yenye milango miwili na kutokea upande wa stoo. Hewa nayo ivume kutoka kwenye usafi kwenda kwenye uchafu. Mkikubali mlango mmoja wa kuingilia na kutokea "kwa muda tu", ndio utakaobaki.

Nafasi ya kutosha naiombea sehemu ya kuoshea, ambayo mara nyingi huambulia kona. Mvuke hauwezi kuua usichokifikia. Chukua koleo ya kubania mishipa, ifungue, uangalie pale kwenye kiungo: damu hukaukia humo, na vijidudu vilivyo chini yake vinaweza kusalimika hata kwenye nyuzi joto 134. Anayeosha anahitaji sinki lenye kina, brashi nyembamba za kupenya kwenye mirija, na vifaa vya kujikinga; anayekagua anahitaji taa kali na lenzi ya kukuzia. Tena kuna suala la maji. Maji magumu huacha ukoko kwenye vyombo na mitambo, na kloridi hutoboa hata chuma cha pua. Maji ya suuza ya mwisho yaondolewe madini, na gharama hiyo iingie kwenye bajeti sasa hivi, si baada ya mtambo kuharibika.

Utepe unaobandikwa kwenye kifurushi cha vyombo, ukibadilika rangi, unaonyesha tu kwamba kifurushi kimepitia kwenye joto. Kwa otoklevu ya ombwe, inayofyonza hewa kabla ya kuingiza mvuke, jaribio la Bowie-Dick, la kuona kama hewa imetoka na mvuke unapenya, lifanyike kila siku kabla ya mzigo wa kwanza, na vipimo vya vimelea, vya kuona kama vijidudu sugu vya majaribio vinakufa, kwa ratiba, vyote viandikwe. Kifurushi kilichotoka na unyevu kirudishwe, hata kama daktari anasubiri. Ndiyo maana tunahitaji seti za kutosha: zikiwa chache, watu hukatisha mzunguko.

Ramani isisainiwe kabla wanaoosha vyombo na wauguzi wa chumba cha upasuaji hawajaitwa mezani wakaipitia.

Wako,
Muuguzi wa chumba cha upasuaji