Malalamiko kuhusu kebini ya pikapu: kutu imefunikwa, haikukatwa

Tanga, Julai

Kwa Meneja,
Karakana ya Bodi na Rangi.

YAH: UKARABATI WA KUTU KWENYE KEBINI YA TOYOTA LAND CRUISER HZJ75

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Pikapu yetu ya mwaka 1994 ilitoka kwenye karakana yenu mwezi Februari, baada ya kukaa kwenu siku 19. Ankara yenu ya shilingi 2,850,000 tulilipa yote. Humo mmeandika kwa mkono wenu: "kukata bati lililooza, kuweka jipya, kupiga rangi", na sehemu nne mkazitaja: kona mbili za chini za fremu ya kioo cha mbele, sakafu upande wa dereva, vizingiti vya milango yote miwili, na mfereji wa paa upande wa kushoto. Huu ni mwezi wa tano. Rangi imeota malengelenge sehemu zote nne, na kwenye kona za kioo imeshapasuka na kutoa maji mekundu yanayochuruzika hadi kwenye bawaba za mlango.

Hatukutaka kuandika kwa kudhani. Tulifungua wenyewe sehemu tatu, tukapima, tukapiga picha 34 ambazo tumeziambatanisha. Lalamiko letu ni moja: kutu haikukatwa. Ilifunikwa.

Tuanze na fremu ya kioo, kwa sababu ndiyo mahali ambapo HZJ75 nyingi za pwani huanza kuoza, na fundi bodi yeyote aliyezizoea anajua kwa nini. Kioo kimeshikwa na raba. Maji ya mvua na ya kuoshea gari hupita chini ya raba, yanatuama kwenye kona mbili za chini, na pale bati limekunjwa na kuchomelewa kwa nukta, bati juu ya bati. Rangi ya kiwandani ndani ya mkunjo ule ni nyembamba. Kutu huanzia humo ndani na kula kuja nje. Siku utakayoona lengelenge dogo usoni, nyuma yake pameshaliwa mara kadhaa ya hapo. Kwa hiyo hakuna namna ya kutengeneza kona hiyo bila kutoa kioo na raba, kutoa waipa, na kulegeza dashibodi ili upande wa ndani uonekane.

Kioo chetu hakikutolewa. Rangi nyeupe yenu imepanda juu ya raba kwa milimita 2 hivi kuzunguka kioo chote, na tulipoiinua raba, chini yake tulikuta rangi ya zamani ya krimu, na kutu yake, vilevile vilivyokuwa. Ankara inatudai shilingi 250,000 za "kutoa na kurudisha kioo, raba mpya". Raba ni ileile ya zamani, ina ufa kwenye kona ya kushoto tulioupiga picha kabla hatujaleta gari.

Kwenye kona hiyo ya kushoto tulisukuma bisibisi kwa kidole, ikazama. Kipande kilichotoka tukakipima unene kwa kalipa: pati (ule udongo wa kujazia bodi) ya milimita 9, imelazwa juu ya kitambaa cha fibaglasi, nacho kimelazwa juu ya tobo. Pati ya polyesta ni ya kusawazisha bonde dogo juu ya chuma kizima. Ikizidi milimita 3 haina tena nguvu ya kustahimili mtikisiko na joto la jua. Tena inafyonza maji. Hapa imefyonza kwa nyuma, kupitia tobo lililoachwa wazi upande wa dashibodi, mahali ambapo rangi yenu ya juu haifiki hata ikipigwa mikono (matabaka) kumi. Chuma kikiliwa na kutu hufura, kwa maana kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na kufura huko ndiko kulikoisukuma pati nje.

Geuzeni kipande hicho mtazame mgongo wake (picha ya 11 na ya 12). Pati imechukua chapa ya magamba ya kutu, gamba kwa gamba, na unga mwekundu umegandia ndani yake. Chapa hiyo iliingia siku pati ilipokuwa bado laini. Maana yake siku mliyopaka, chini yake palikuwa na kutu yenye magamba, wala haikupitiwa hata na brashi ya waya.

Tunasisitiza hilo kwa sababu ya jibu tulilopewa kwa simu na mhudumu wenu: kwamba gari la pwani halikosi kutu, hasa linalobeba samaki na barafu kutoka dikoni, na kwamba dhamana ya miezi mitatu imeisha. Kutu mpya ya pwani tunaijua. Huanzia nje, pale jiwe lilipochubua rangi, halafu hutambaa chini ya rangi kuzunguka mchubuko. Hii haina mchubuko hata mmoja. Imetoka nyuma, na ilikuwapo. Dhamana ya miezi mitatu ni ya kazi iliyofanyika. Hatuoni itahesabiwaje kwa kazi ambayo haikufanyika.

Sakafu ndiyo iliyotutia hofu. Tulipoinua zulia la mpira tulikuta bati la kuezekea nyumba, geji 30, limelazwa juu ya sakafu iliyooza na kufungwa kwa ripiti (pini za kubania bati) 22, kisha likapakwa lami. Bati hilo ni kama milimita 0.3. Tulichokubaliana ni bati jeusi la milimita 1, la kuchomelewa. Tofauti hapa imepita urembo. Kiraka chenu kimefika kwenye boliti za nyuma za kiti cha dereva, na chini yake ndipo kebini inapokaa juu ya raba zake za chasisi. Bati la kuezekea halibebi mzigo huo. Gari likigonga au kusimama kwa ghafla, kiti kinaweza kung'oka na ripiti zake. Tangu tulipoiona hali hiyo tumelisimamisha gari.

Na lami haikuzuia chochote. Chini yake tumekuta udongo mkavu na mabaki ya zile pedi za kuzuia kelele za kiwandani, ambazo zilipasa kubanduliwa zote kabla ya kugusa kitu, kwa kuwa unyevu hujificha chini yake.

Vizingiti: kwenye ule wa kulia tulitoboa tundu la milimita 6 sehemu ya chini kabisa, maji yakatoka kwa muda kabla ya kukoma. Tulipopanua tukavuta kipande cha sponji ya godoro, urefu wa sentimita 40 hivi, kilichosokomezwa ndani ili pati ipate pa kushikia. Tulikikamua kwenye sahani, tukaianika sahani juani. Maji yalipokauka pembeni palibaki duara jeupe la chumvi. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya kizingiti chetu kwa miezi mitano, imegusana na bati usiku na mchana. Matundu ya kiwandani ya kutolea maji, yaliyo chini ya kila kizingiti, yamezibwa yote kwa andasili, ile dawa nzito ya kukinga upande wa chini wa gari. Hata bila sponji, kizingiti kisichopumua kitaoza. Matundu yale hayakuwekwa kwa bahati mbaya.

Hiyo andasili nayo iko nusu ya mbele tu. Kuanzia katikati kwenda nyuma mmepuliza oili chafu iliyochanganywa na dizeli. Ankara inasema andasili, shilingi 250,000. Oili hukusanya vumbi, na dizeli huzifurisha na kuzilegeza raba za kebini. Mbili za nyuma zimeshakuwa laini.

Kwenye mfereji wa paa tunasema haki yenu. Bati limekatwa kweli, limechomelewa kwa nukta za karibu karibu, halikupinda, na limesagwa vizuri. Fundi aliyefanya pale anajua kazi yake. Malengelenge madogo yaliyotokea hapo tunadhani yanatokana na dawa ya kutu ya asidi ambayo haikuoshwa kabla ya praima (rangi ya msingi), na pia maungio hayakutiwa silanti ya kuyaziba. Lakini hilo linatuumiza zaidi: uwezo mnao, mashine mnayo, na sehemu tatu zilizobaki mkafunika kombe mwanaharamu apite.

Tunachodai ni kazi irudiwe kwa gharama zenu, na irudiwe hivi.

Kwanza gari lioshwe kwa maji baridi yenye msukumo, maji yasiyo ya kisima cha chumvi, nje na ndani ya vizingiti, kisha likauke kabisa. Chumvi iliyo ndani ya vishimo vya kutu haitoki kwa msasa mkavu. Ikibaki, praima yoyote itainuka. Msilipige mchanga wa pwani kwa kompresa. Mchanga huo una chumvi yake, vumbi lake linaharibu mapafu ya vijana wenu, na bati jembamba hupinda. Betri na waya za altaneta zitolewe kabla ya kuchomelea, mabomba ya mafuta yanayopita chini ya sakafu yasogezwe au yakingwe, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu.

Kioo, raba, viti, zulia na pedi zote vitoke. Pati yote itolewe hadi chuma. Kisha mkate mpaka mfike bati linalong'aa pande zote mbili, na mzidishe milimita 30 baada ya hapo. Kama kukata kutafika kwenye bati la ndani la nguzo ya kioo, basi mkate hadi huko. Bati la nje jipya juu ya la ndani lililooza litadumu msimu mmoja tu. Viraka viwe vya bati jeusi la milimita 1, kona zake za mviringo, vikae sawa na bati la zamani bila kulaliana pale inapowezekana. Mtumie mashine ya kuchomelea ya MIG na waya wa milimita 0.6, mshikize kwa nukta kila milimita 25, mkihama upande hadi upande ili joto lisijikusanye. Fimbo ya kuchomelea kwa umeme ya milimita 2.5 kwenye bati hili inatoboa na kupindisha, msiitumie. Pale ambapo lazima bati lilalie bati, katikati paingie praima ya zinki ya kuchomelea.

Baada ya kusaga na kufuta mafuta, piga praima ya epoksi mikono miwili, nje na ndani. Silanti ya maungio ije juu ya epoksi, pande zote mbili za kila mshono. Pati, kama itahitajika, isizidi milimita 3, ilale juu ya epoksi iliyokwaruzwa kwa msasa namba 80, na hadina (dawa ya kuigandisha) ipimwe, kwenye asilimia 2 ya uzito. Ile ya kukisia kwa macho ndiyo inayoacha pati laini au yenye kupasuka. Pati isiwekwe juu ya praima ya asidi, kwa sababu haishiki hapo. Rangi isipigwe asubuhi kabla umande haujakauka, wala unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85. Mwisho kabisa, nta ya kuzuia kutu ipulizwe ndani ya vizingiti na nguzo kwa mpira mrefu, na matundu ya maji yaachwe wazi, tuyaone yakitoa maji mbele yetu.

Tunataka kuitwa mara mbili kukagua: baada ya kukata na kabla ya kuchomelea, halafu baada ya epoksi na kabla ya pati. Kazi hii ikishafunikwa na rangi hakuna mteja anayeweza kuijua, na ndiyo maana tumefika hapa.

Zaidi ya hayo tunadai turudishiwe shilingi 250,000 za kioo na raba ambayo haikubadilishwa, na shilingi 250,000 za andasili. Raba mbili za kebini zilizolegezwa na dizeli ziwekwe mpya. Kama hamtaki kurudia kazi, turudishieni pia shilingi 1,200,000 mlizotoza kwa bati na kuchomelea, tukiacha sehemu ya mfereji wa paa ambayo tuko tayari kukubaliana thamani yake, nasi tutampa fundi mwingine.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Tusipolipata tutapeleka lalamiko hili, pamoja na picha na ankara, Tume ya Ushindani.

Gari liko uani kwetu, halijaguswa tena tangu tulipopiga picha. Vipande vya pati, ripiti tulizong'oa na sponji tumevihifadhi kwenye mfuko wenye tarehe. Mtumeni fundi aliyetengeneza mfereji wa paa aje avione, siku yoyote ya kazi kabla ya saa sita mchana.

Wenu,
Msimamizi wa magari
(kwa niaba ya wamiliki)

Viambatanisho: nakala ya ankara, picha 34, picha 6 za kabla ya ukarabati.