Mama, Roboti Hazijaninyang'anya Kazi

Mama, shikamoo.

Natumaini nyote hamjambo na mguu wa Bibi umepata nafuu. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza njiani kuelekea kazini, nikasikia wasiwasi wako: eti hapa Japani roboti zitachukua kazi ya kutunza wazee, nami nirudi nyumbani mikono mitupu. Na huyo mdogo wangu nilimsikia nyuma yako akipiga kelele, anataka kujua kama zinatembea barabarani.

Nianze naye, maana jibu lake ni fupi. Ndiyo, zipo. Tangu Aprili 2023 sheria ya huku inaruhusu roboti ndogo za kupeleka mizigo kupita njia ya waenda kwa miguu, mradi zisizidi mwendo wa kilomita 6 kwa saa na awepo mtu anayezifuatilia kutoka mbali. Bibi akipona mguu atazipita. Kwa hiyo usiote mambo ya sinema, mdogo wangu.

Sasa Mama. Kazi ipo, tena tele. Zaidi ya robo ya watu wa nchi hii wamevuka miaka 65 na vijana hawatoshi kuwahudumia. Ndiyo maana mwaka 2019 walianzisha viza mpya kwa wafanyakazi kutoka nje, walezi wa wazee wakiwemo. Serikali nayo imetoa fedha miaka mingi ili zibuniwe roboti za kusaidia kazi hii, na kituoni kwetu zimo za aina kadhaa. Lakini kuna jambo ambalo wanaozisifu hawalisemi: roboti nayo inataka kutunzwa. Ichajiwe, ipanguswe, irudishwe mahali pake. Ile ya kubebea mashuka ikikwama mlangoni, ni mimi ninayeacha nilichokuwa nafanya nikaikwamue. Upo pia mkanda wenye mota wa kufunga kiunoni, ili ukimnyanyua mtu mgongo usiumie. Unasaidia kweli, sibishi. Ila kuuvaa kuna kazi yake, na mzee aliyebanwa na haja hangoji. Basi siku nyingi unashinda kabatini, nasi tunanyanyua kwa mikono yetu.

Ninayoipenda mimi ni Paro. Ni roboti yenye umbo la mwana-sili, yule mnyama wa bahari za baridi, mweupe, manyoya tele, mzito kiasi cha kupakatwa kama mtoto mchanga. Aliyeiunda, Takanori Shibata, alianza kazi hiyo mwaka 1993. Alijaribu pia umbo la paka, lakini watu wakalilinganisha na paka wa kweli wakaliona lina kasoro. Sili je, nani amewahi kumpakata hata amlinganishe? Ukiipapasa inageuza kichwa, inafumba macho, inalia. Na inachajiwa kwa chuchu ya plastiki mdomoni! Siku ya kwanza kuona hivyo nilicheka mpaka msimamizi akanikazia macho.

Yupo bibi mmoja hapa anayeweza kumaliza siku bila kusema na mtu, lakini akipakatishwa Paro ananong'ona nayo muda mrefu. Wageni hudhani anaamini ni mnyama. Mwenyewe aliniambia, bila kuulizwa, kwamba anajua fika ni mashine, na kwa kuwa haifi haogopi kuizoea. Jirani yake hataki hata kuiona. Anasema yeye si mtoto wa kupewa mwanasesere. Wote wawili wana akili timamu, na wote wawili nawaelewa.

Kinachonisumbua ni kile ambacho hata hakina sura ya roboti: mkeka wenye vihisi unaowekwa chini ya godoro. Unafuatilia pumzi za mtu, unajua amelala au ameamka, na zamu ya usiku mimi naona yote kwenye skrini. Faida yake siifichi. Mtu akitaka kushuka kitandani nafika kabla hajaanguka. Lakini kuna babu mmoja ambaye usiku wa manane hupenda kuketi tu, anawaza mambo yake. Kila akiinuka, kengele inanililia, nami naingia. Juzi akaniuliza, "Hata kukaa macho peke yangu siruhusiwi?" Nikakosa la kusema. Karatasi ya ridhaa alisaini mwanawe. Yeye hakuulizwa.

Nilipopata mapumziko nilikwenda Tokyo na mwenzangu wa kazini, tukaingia mkahawa wa DAWN, mtaa wa Nihonbashi. Wahudumu wake ni roboti ziitwazo OriHime, ila hazijiendeshi. Nyuma ya kila moja yupo mtu halisi aliye nyumbani kwake, na wengi wao ni watu wenye ulemavu au maradhi yasiyowaruhusu kutoka. Wengine huiendesha kwa kusogeza macho tu. Yetu ilijitambulisha kwa jina la mwenyewe, ikatuuliza tumetoka wapi, ikatutania kwa Kijapani chetu kibovu. Baada ya muda mfupi nikawa naongea na mtu, sioni tena plastiki.

Hapo nikamkumbuka Baba Mdogo. Tangu ile ajali sisi ndio tunaoamua alale wapi, aamke saa ngapi, asikilize nini redioni. Tunampenda, lakini sikumbuki lini tulimuuliza.

Kwa hiyo nina ombi. Jumapili jioni mdogo wangu amshikie simu tuzungumze, mimi na yeye tu, nyinyi mkae nje kidogo. Kazi ya pale mkahawani inataka Kijapani, simpi ndoto hiyo. Nataka kujua yeye mwenyewe angependa kufanya nini, ndipo nianze kuulizia vifaa, hata kama ni cha kuandikia kwa macho. Akichelewa kujibu, Mama, tafadhali msimjibie.

Wasalimieni wote.

Mwanao