Wimbo ulio jirani na "Malaika"

Mpendwa Rehema,

Hujambo mwenzangu? Mzee na watoto hawajambo? Huku Morogoro sisi wazima, ila mvua haijatupa nafasi wiki nzima.

Barua yako imenifika. Niliposoma kwamba kwenye harusi ya mdogo wako mlipiga "Malaika" ya Miriam Makeba, yule mwimbaji wa Afrika Kusini, mpaka wazee wakainuka kucheza, nikasema lazima nikuandikie leo hii.

Santuri aliyoimba "Malaika" pamoja na Harry Belafonte ilitoka mwaka 1965. Humo humo mna wimbo wa Kixhosa unaomwambia Verwoerd, waziri mkuu wa makaburu kule Afrika Kusini: jihadhari, mtu mweusi huyu hapa. Usipojua maneno utadhani wa kubembelezea mtoto, ulivyo mtamu. Aliyeutunga ni Vuyisile Mini wa Port Elizabeth, mfanyakazi wa bandarini na mtu wa vyama vya wafanyakazi, mwenye sauti nzito ya besi. Santuri inatoka, mwenyewe keshanyongwa. Walimnyonga Pretoria tarehe 6 Novemba 1964, yeye na wenzake Wilson Khayinga na Zinakile Mkaba. Polisi walikuwa wamemwambia atasalimika akitoa ushahidi dhidi ya mwenzake, akakataa. Akaenda kitanzini anaimba, na wafungwa wakamsikia kutoka kwenye seli zao.

Hapo ndipo ninapokwama kila mara, Rehema. Ile besi ikipita kwenye korido alfajiri, halafu kimya. Gerezani walikuwa wameshamnyang'anya kila kitu, lakini wimbo ule haukuhitaji ngoma wala karatasi. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na askari atamkamata nani kati ya watu elfu? Makeba naye walimfutia pasipoti mwaka 1960, akashindwa kurudi kumzika mama yake. Mwaka 1963 akasimama Umoja wa Mataifa kuushitaki ubaguzi, nao wakapiga marufuku santuri zake nyumbani kwao. Serikali yenye vifaru, inaogopa sauti ya mwanamke mmoja!

Unakumbuka mama alivyokuwa akipeleka mchicha na nyanya Mazimbu, kwenye shule ya wakimbizi wa ANC, chama kilichopigania ukombozi wa Afrika Kusini? Ile iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana waliyemnyonga Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Wengi wa wanafunzi wa mwanzo walikuwa vijana waliokimbia baada ya mauaji ya Soweto ya 1976. Mama anasema siku moja alikuta wanazika mwenzao. Waliimba wakikanyaga chini kwa pamoja, vumbi likapanda hadi magotini. Maneno hakuelewa hata moja. Kisha wakatulia, wakaanza "Nkosi Sikelel' iAfrika", na mama akasikia ni sauti ile ile ya "Mungu ibariki Afrika" yetu. Akatua tenga chini, akasimama wima, mikono ubavuni, akaimba ya kwake kwa Kiswahili hadi mwisho. Msichana mmoja aliyekuwa akilia akaja kumshika mkono, wakaondoka makaburini wameshikana hivyo hivyo.

Ukija Desemba twende Mazimbu. Makaburi yale bado yapo, na mama anataka kukuonyesha mahali aliposimama.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Akupendaye,
Neema