Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: ufa bado upo

Mheshimiwa,

Bwana asifiwe. Kwa umri ungekuwa mwanangu, kwa cheo u mkubwa wangu; nakuandikia kwa heshima zote mbili.

Wiki tatu zilizopita ulisimama mbele ya darasa la tatu la shule yetu ukatuambia wazazi, "Jengo liko salama, rudini mkaendelee na kazi." Tulikupigia makofi. Nami nilipiga. Wajukuu wangu wawili wanasoma humo, na hilo ndilo neno nililotamani kulisikia.

Jumatatu yake nilikwenda kutazama. Ufa unaotoka pembe ya dirisha kushuka hadi kwenye msingi ulikuwa umezibwa kwa lipu na kupakwa rangi. Ijumaa, baada ya mvua ya usiku mmoja, ukafunguka palepale. Nilichomeka sarafu ya shilingi 200, ikapita yote. Nikaisikia ikidondoka ndani ya ukuta.

Ezekieli sura ya 13 inawataja manabii waliowapoteza watu kwa kusema "Amani" wakati hapana amani. Mtu anajenga ukuta, wao wanaupaka "chokaa isiyokorogwa vema". Bwana anasema mvua itakuja, na ukuta utaanguka hata misingi yake ionekane. Sura hiyo nimeisoma kanisani mara nyingi nikidhani ni mfano tu. Sasa kila nikiisoma naisikia ile sarafu.

Yeremia naye anasema wameliponya jeraha la watu "kwa juu-juu tu". Hapo naelewa zaidi, maana nilikuwa muuguzi hadi nilipostaafu. Kidonda ukikifunga usaha ukiwa ndani, mgonjwa hufurahi siku mbili, anakushukuru, anakwenda nyumbani. Siku ya tano wanamleta wamembeba, homa imepanda na mguu umevimba hadi kwenye paja. Kukisafisha kunauma, na mgonjwa anaweza kukutukana. Unakisafisha hivyo hivyo.

Kilichoniumiza ni kwamba wazazi wawili waliouliza maswali siku ile waliitwa wachochezi. Yeremia aliambiwa vivyo hivyo, kwamba anailegeza mikono ya askari, akatupwa shimoni akazama matopeni. Lakini mfalme Sedekia, pamoja na woga wake wote, alimwita kwa siri akamuuliza kweli. Kosa lake ni kwamba aliisikia asiifuate, na Yerusalemu ikateketea.

Unakumbuka Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam. Ghorofa lililokuwa bado linajengwa lilianguka asubuhi, watu 36 wakafa. Sitaki kuliandika zaidi ya hapo.

Sikuombi ujenge darasa jipya kesho. Najua fedha hazichumwi mtini. Naomba mhandisi aje, auchimbue ule ukuta, apime msingi, kisha atusomee alichokiona, hata kama ni kibaya. Tutakusikiliza. Waliokupigia makofi hawatakuzomea ukiwaambia, "Nilikosea, watoto watoke kwanza." Kama kusema hadharani ni kugumu, njoo hata jioni, tuzungumze kwangu.

Na watoto wasisubiri mhandisi. Masika imeshaanza. Ukumbi wa kanisa una mabenchi 24 na paa lisilovuja, na wazee wa kanisa wamekubali darasa la tatu lihamie hapo kuanzia Jumatatu. Tunasubiri ruhusa yako tu. Ufunguo ninao mimi.

Bibi wa wanafunzi wawili wa darasa la tatu