Kabla hujampa fundi hela

Ngamiani, Tanga
14 Agosti

Shoga yangu mpenzi,

Hapa sote wazima, ila mgongo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa pale unaposema fundi kakuahidi kukupigia niru uani, ule uji wa simenti tupu wa kulainisha juu, kwa siku moja, sakafu irudi mpya. Shoga, mwambie angoje.

Unaikumbuka baraza yetu, ile nyekundu tuliyokuwa tukiisugua kwa kumbi la nazi? Ilichakaa hadi kokoto zikawa zinachungulia. Ukifagia, unafagia mchanga wake wenyewe. Mwaka jana nikamwita fundi, akamwaga niru juu kwa juu. Iling'aa kama sahani! Haikumaliza miezi mitatu ikaanza kubanduka magamba kama changu. Simenti haikuwa na kosa. Ilishika vumbi, na vumbi halikushika kitu.

Safari hii nimepata mzee mmoja. Alianza kwa kutembea na nyundo akigonga kila mahali. Palipolia debe tupu akapazungushia mkaa: hapo sakafu imekwisha achana na zege la chini, lazima itoke. Siku mbili nzima ni tindo na nyundo tu, hata palipo pazima akapadonoa pakaparuza. (Majirani wamenichukia.) Upande wa mwembe mzizi ulikuwa umeinua zege, huko akavunja kabisa, akaukata mzizi, akashindilia kifusi na kumwaga zege jipya. Alisema kama angeufunika tu ufa wa hapo, ungetoka tena palepale.

Akafagia, akaosha, akalilowesha zege jioni. Asubuhi lilikuwa na unyevu lakini hakuna maji yaliyotuama. Akapaka uji wa simenti kwa brashi, kipande kwa kipande, na kabla haujakauka akalaza mchanganyiko wake: ndoo moja ya simenti kwa tatu za mchanga, unene sentimita tatu, maji kiasi cha kushikana kiganjani, si uji. Niru ikapigwa siku ileile, chini kungali kubichi. Akaiacha iteremke sentimita moja kila mita kuelekea nje, mvua isije ikalala mlangoni. Baraza ni mita nne kwa mbili. Imekula mifuko mitatu ya kilo 50.

Na mchanga, tafadhali, wa mto. Najua hapo Pangani wa ufukweni uko mlangoni na ni wa bure, lakini una chumvi: sakafu itatoa unga mweupe na kila masika itakuwa inatoka jasho.

Kilichonitesa ni siku saba zilizofuata. Magunia yaliyolowa juu ya baraza, mimi na kopo asubuhi, mchana na jioni, maana simenti ikinyimwa maji kwenye jua hili hupasuka na kurudi vumbi. Wazee wa bao wakahamia kwa jirani. Sakafu sasa ngumu, wao bado wamenuna. Kahawa ya kule, eti, ina tangawizi zaidi.

Kwa hiyo fundi wako akija, muulize kwanza tindo yake iko wapi. Akikuonyesha mwiko peke yake, hela ibaki kwenye kanga.

Magunia yangu manne bado mazima. Nitampa kondakta wa basi la Ijumaa, mtume kijana akayapokee stendi.

Nisalimie mama.

Shoga yako