Namba ya simu isiwe ufunguo pekee wa hifadhi ya mtandaoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalomgusa kila aliyeweka picha, vyeti na nyaraka zake katika hifadhi za mtandaoni, nalo ni utaratibu wa kumtaka mteja athibitishe akaunti yake kwa tarakimu sita zinazotumwa kwa ujumbe mfupi kwenye namba yake ya simu.

Utaratibu huo sina ugomvi nao siku mtu anapofungua akaunti. Kampuni hizi hutoa nafasi ya bure, Google gigabaiti 15 na Dropbox gigabaiti 2, na pasipokuwa na kizuizi mtu mmoja angeweza kuandika programu ya kufungua akaunti maelfu kwa usiku mmoja, akazitumia kusambaza virusi na barua za utapeli. Anwani za barua pepe hupatikana kwa wepesi, laini za simu ni shida kuzikusanya kwa wingi. Hapo namba ya simu inafanya kazi ya bawabu, nami naikubali. Ninachokikataa ni kumkabidhi bawabu huyo na funguo za ghala, yaani namba iliyotajwa siku ya kwanza igeuke kuwa njia pekee ya mwenye mali kurudi ndani miaka kadhaa baadaye.

Mwaka jana simu yangu iliharibika, nikanunua nyingine. Niliandika nywila yangu bila kukosea, lakini mfumo ukasema hauitambui simu hii mpya na kwamba umetuma tarakimu kwenye namba ambayo ulinionyesha mwisho wake tu. Niliitambua. Ilikuwa laini niliyoacha kuitumia zaidi ya miaka mitatu nyuma, na laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, kisha namba yake hupewa mteja mwingine. Nikaipiga. Akapokea mama mmoja mwenye sauti ya upole, nikamweleza shida yangu, nikamwomba anisomee tarakimu zilizoingia; nilisikia hata mlio wa ujumbe ukifika upande wake tulipokuwa tunazungumza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Mwanangu, kila siku tunaambiwa tusimtajie mtu namba hizi. Unisamehe, sitakutajia.” Akanitakia heri, akakata simu.

Sikumkasirikia, wala simkasirikii leo, kwa sababu alifanya vile vile ambavyo ningemsihi mama yangu mzazi afanye. Niliandikia kitengo cha huduma kwa wateja mara nne, na mara zote nne nikajibiwa kwa maneno yale yale kwamba umiliki wangu haukuweza kuthibitishwa. Ndani ya akaunti ile mna barua za marehemu baba, nilizozipiga picha ukurasa kwa ukurasa kabla mchwa hawajazimaliza.

Lakini tumfikirie mtu mwingine mahali pa mama yule. Katika huduma nyingi, anayeishika namba anaweza kubonyeza palipoandikwa “nimesahau nywila”, akapokea tarakimu, akajiwekea nywila mpya. Utaratibu wa namna hiyo humfungia nje mwenye mali anayeijua nywila, na kumfungulia mgeni asiyeijua. Wala sisemi kwa kubahatisha. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walichunguza namba 259 zilizokuwa zikisubiri kupewa wateja wapya wa kampuni mbili za simu za Marekani, wakakuta 171 kati ya hizo bado zimeunganishwa na akaunti za watu katika tovuti maarufu.

Tena hata namba ambayo hujaiacha inaweza kuibwa. Mhalifu humdanganya au humhonga mhudumu wa kampuni ya simu, laini yako ikahamishiwa kwenye kadi aliyonayo yeye, na kuanzia dakika hiyo ujumbe wako wote ni wake. Agosti 2019 namba ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter yenyewe, ilitekwa, na matusi yakaandikwa katika ukurasa wake. Ikiwa yeye hakusalimika, sioni ni kwa hoja gani mteja wa kawaida anaambiwa atulie.

Dawa ipo na si ngeni. Tangu 2011 kuna utaratibu ulioandikwa wa programu ya simu inayotoa tarakimu mpya, kwa kawaida kila baada ya sekunde 30, kwa kukokotoa saa iliyopo pamoja na siri ambayo simu na seva, yaani kompyuta ya kampuni, zilikabidhiana mwanzoni. Hauhitaji laini wala mtandao. Zipo pia tarakimu za akiba, za kuingilia pale simu inapokosekana, ambazo mteja huzichapisha na kuziweka pamoja na hati zake nyingine. Nayo Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, katika mwongozo wake wa 2017, iliweka uthibitisho wa ujumbe mfupi katika kundi lenye masharti: anayeutumia amweleze mteja hatari yake, na ampe walau njia nyingine moja isiyo na hatari hiyo.

Nazitaka kampuni za hifadhi zifanye hivyo kwa kila mteja, tangu siku ya kwanza, bila kusubiri aende kuchimbua kwenye mipangilio. Kila mwaka zimuulize kama namba ile bado ni yake. Na anayeijua nywila, aliyepoteza laini tu, apewe njia ya kusikilizwa na binadamu, hata kama itachukua wiki mbili. Nanyi wasomaji wenzangu, kabla hamjaiacha laini, itoeni kwanza katika kila akaunti mliyoiandikisha. Mimi sikufanya hivyo kwa kuwa sikujua.

Namba yangu ya zamani bado anayo mama yule, na kila ninapojaribu kuingia, tarakimu zinamwendea yeye. Siku hizi najaribu mchana tu, nisije nikamwamsha.

Wako katika ujenzi wa jamii,
Msomaji wa siku nyingi