Kwa Atu, kuhusu ile “borrow me”

Atu mpendwa,

Kamwene, mwalimu! Habari za Makambako na baridi lenu? Huku Uyole masweta mawili na bado tunatetemeka, viazi vimeshuka bei, Mama Sekela hajambo. Mengine kwa simu. Nimeshika kalamu kwa sababu ya ile picha uliyonitumia ya daftari la mwanafunzi wako.

“Borrow me your ruler.” Umeikata kwa wino mwekundu mara nne ukurasa mmoja. Weka chini kwanza hiyo kalamu. Mtoto ametafsiri Kiswahili chake sawasawa. Tunasema “niazime rula yako”, halafu tunasema “nimeazima rula kwa Neema”: kitenzi ni hicho hicho, kwenda na kurudi. Waingereza wanavyo viwili, anayetoa ana “lend”, anayepokea ana “borrow”. Sasa funua daftari lake la misamiati. Utakuta borrow, kuazima. Na chini yake lend, kuazima. Ugonjwa uko hapo.

Futa kuazima ubaoni, andika kukopa na kukopesha. Kukopa ndiyo “borrow”, kukopesha ndiyo “lend”. Hata aliyemaliza la saba juzi anajua kwenye kikoba nani anakopa na nani anakopesha. Kisha ita wawili mbele na rula moja. Mwenye rula, kabla hajaiachia, ndiye wa “lend”; anayerudi nayo kwenye dawati ndiye wa “borrow”. Kila mmoja aseme la kwake kuhusu rula ile ile: “I lent Neema my ruler.” “I borrowed a ruler from Juma.” Hiyo “from” waigongee meza. “Lend” inambeba mtu, “lend me”. “Borrow” inabeba kitu tu. Ndiyo maana “borrow me” inasikika kama mtoto anaomba aazimwe yeye, akakae kwa watu, arudishwe Ijumaa.

Tahadhari: kukopa sukari dukani isiingie humo. Hiyo ni “buy on credit”.

Ukishaizoea -sha ya kukopesha utaanza kukutana nayo kwingine. Kumbuka ni “remember”, kumbusha ni “remind”, na “remember me to bring the book” ni ugonjwa ule ule wa rula. Hata pasipo -sha mchezo ni huo huo: inuka na inua, “rise” na “raise”. Lala na laza, “lie” na “lay”... hapana, hiyo iache mpaka kidato cha tatu. “Lie” ya kulala ikiwa ya jana inageuka “lay”, na hapo hata sisi walimu tunashikana mashati.

“Say” na “tell” zisikunyime usingizi. Ambia haikai bila mtu tumboni: ali-ni-ambia, “he told me”. Alisema haina mtu, basi “he said”, kwisha. Na yule wa “I am hearing cold”, kwa Julai ya Makambako mimi ningempa nusu maksi, ila mwambie baridi na njaa kwa Kiingereza ni za “feel”, masikio hayahusiki.

Nirudi kwenye rula, maana nakujua, utawapa zoezi la kuchagua jibu siku hiyo hiyo. Usifanye hivyo. Wiki nzima ya kwanza iwe “Can you lend me” peke yake, kila anayetaka kitu darasani aombe hivyo, asipoomba hivyo asipewe. Wiki ya pili, “Can I borrow”. Ya tatu ndipo uzichanganye, na waoneshe kwamba ombi ni lile lile: baada ya “Can” ikija “you” ni “lend”, ikija “I” ni “borrow”.

Hivi darasani wako wangapi sasa? Wanakaa watatu watatu bado? Na Kibena chenu kina kitenzi kimoja cha kuazima au viwili? Muulize bibi, nataka kujua kweli. Parachichi ulizoahidi zinakuja na basi gani? Na ile kamusi uliyoniazima Pasaka, au niliyokuazima, umeshanichanganya mwenyewe, inarudi lini?

Wako,
Ambakisye